Woodrow Wilson, rais aliyeangushwa na mishipa ya damu

Watu wengi hapa kwetu wanalijua jina la Woodrow Wilson kutoka somo la historia ya sekondari. Ni yule rais wa Marekani wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwenye zile nukta 14, baba wa SDN. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wanakopi, wanapita somo lingine. Kile ambacho hakiandikwi ubaoni ni kwamba wakati dunia ilikuwa inapangwa upya, mmoja wa wale waliokuwa wanaipanga alikuwa mgonjwa wa mishipa ya damu, na ugonjwa ule ulikuwa umeshagusa kichwa. Kwa muda wa miezi 17 Marekani ilikuwa na rais aliyepooza upande mmoja, akili yake haiko tena ile ya zamani, na watu wa nyumba yake walikuwa wanaficha.

Tunaleta maisha yake juu ya sababu moja. Huku kwetu, muzee akibadilika tabia, akaanza kukasirika bure, kushuku kila mtu anamwibia, kukataa shauri la watoto wake, watu wanatafuta nani amemroga. Wengine wanasema ni uzee, mwacheni. Na wakati mwingine ni mama mzee ambaye anaitwa mchawi yeye mwenyewe, juu tu anaongea maneno yasiyoeleweka usiku. Mara chache mtu anauliza swali rahisi: tansiyo yake ni ngapi? Mara ya mwisho ilipimwa lini? Habari ya Wilson inaonyesha vizuri namna gani ugonjwa wa mishipa unaweza kutembea ndani ya mtu miaka mingi, ukitoa alama moja moja, mpaka siku unafika kwenye akili.

Mtoto wa pasta

Thomas Woodrow Wilson alizaliwa tarehe 28 Desemba 1856 ku Staunton, mji mdogo wa jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Baba yake, Joseph Ruggles Wilson, alikuwa pasta wa Kanisa la Presbiteri. Utoto wake ulipita katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, wakati Wamarekani wanapigana wao kwa wao juu ya utumwa. Alichelewa sana kujua kusoma. Alikaribia miaka 10 bado herufi zinamsumbua. Lakini alipofungua njia hakuna aliyemsimamisha: alimaliza masomo ya Princeton mwaka 1879, akasoma sheria, akapata udaktari wa mambo ya siasa katika chuo kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1886. Mpaka leo ni yeye peke yake kati ya marais wote wa Marekani aliyefika kiwango kile cha masomo. Alimwoa Ellen Axson mwaka 1885, wakazaa mabinti watatu. Mwaka 1890 akarudi Princeton kama profesa, na mwaka 1902 akawa mkuu wa chuo chote.

Alikuwa mtu wa kazi bila kupumuka. Anafundisha, anaandika vitabu, anazunguka akitoa hotuba. Hapa ndipo alama ya kwanza ilitokea. Mwaka 1896, akiwa na miaka 39, mkono wake wa kuume ulianza kuuma na kukosa nguvu mpaka hakuweza kushika kalamu vizuri. Mwingine angetulia. Wilson alijifunza kuandika na mkono wa kushoto, akaendelea na kazi. Daktari wa neva Edwin Weinstein, aliyetoa mwaka 1981 kitabu kizima juu ya magonjwa ya Wilson, aliona kwamba ile ilikuwa tayari kiharusi kidogo, ile watu wanaita AVC. Madaktari wengine walikataa, wakasema ilikuwa ni mkono uliochoka kwa kuandika sana. Hilo tuwaachie wao.

Lakini alama ya pili haina ubishi mwingi. Asubuhi moja ya mwisho wa Mei 1906 Wilson aliamka na jicho la kushoto halioni. Wakampeleka Philadelphia. Daktari wa macho alikuta mshipa wa damu umepasuka ndani ya jicho, na daktari mwingine aliyempima mwili mzima alikuta mishipa yake imeanza kukauka na kuwa migumu. Alikuwa na miaka 49. Walimwambia apumzike, familia ikaenda kukaa miezi kadhaa kaskazini ya Uingereza, jicho likarudi nusu tu. Maisha yote yaliyobaki aliona vibaya upande ule.

Jicho ndiyo mahali pekee ambapo daktari anaweza kuangalia mishipa midogo ya damu kwa macho bila kumpasua mtu. Mishipa ya jicho na ile midogo ya ubongo zinafanana sana. Kwa hiyo daktari aliyeangalia jicho la Wilson mwaka 1906 alikuwa anaangalia kama kupitia dirisha kile ambacho kilikuwa kinaendelea ndani ya kichwa.

Na kulikuwa na dawa gani? Hakuna. Kile kitambaa cha kufunga mkononi na kupuliza hewa kilibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, mwaka ule ule mkono wa Wilson uliacha kuandika. Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha mwaka 1905 namna ya kusikiliza mshipa na kifaa cha masikioni, njia ambayo manesi wetu wanatumia mpaka leo. Kupima kuliwezekana. Kuponya hapana. Vidonge vya kwanza vya tansiyo ambavyo mtu wa kawaida angeweza kumeza kila siku bila shida kubwa vilifika mwisho wa miaka ya 1950. Wilson aliambiwa apumzike kwa sababu hawakuwa na neno lingine la kumwambia.

Mishipa na akili

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu ndiyo moyo wa habari yenyewe.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, sehemu ndogo ya 2 kwa mia ya mwili. Lakini unakula karibu 20 kwa mia ya hewa safi ambayo damu inabeba. Hauna ghala la kuweka akiba. Damu ikikatika dakika chache tu, sehemu ile inakufa na hairudi. Damu inafika kupitia mishipa mikubwa ya shingo, halafu inagawanyika, inagawanyika tena, mpaka vimishipa vyembamba kuliko unywele ambavyo vinaingia ndani kabisa.

Tansiyo ikiwa juu miaka na miaka, ni kama mabomba ya maji ya mtaa ambayo yamepigwa na nguvu ya pompi kupita kipimo. Bomba kubwa linavumilia. Yale madogo ya mwisho ndiyo yanaumia. Ukuta wa mshipa unakuwa mnene na mgumu, njia ya ndani inakuwa nyembamba, hapa inaziba, pale inavuja tone la damu. Kila tundu dogo linaua kipande kidogo cha ubongo, na mara nyingi mwenyewe hasikii kitu. Hakuna maumivu, hakuna kuanguka. Mtu anaweza kupata viharusi vidogo vingi bila kujua hata kimoja.

Vipande vile vikiwa vingi, nyuzi ambazo zinaunganisha upande mmoja wa ubongo na mwingine zinakatika. Na hapa watu wengi wanakosea. Wanafikiri akili ikianza kwenda, mtu anasahau majina kwanza. Ile ya kusahau kwanza mara nyingi ni ugonjwa wa Alzheimer. Ile inayotoka kwenye mishipa mara nyingi inaanza upande mwingine: mtu anakuwa mzito kufikiri, anashindwa kupanga mambo mawili kwa wakati mmoja, anakasirika upesi, analia bila sababu, anashikilia neno moja na hataki kuliachia. Kumbukumbu yake inaweza kuwa bado nzuri. Anakumbuka ng'ombe waliotolewa mahari mwaka gani, lakini hawezi tena kupima kama shauri ni jema ama baya. Tena haishuki pole pole kama jua la jioni. Inashuka kama mtu anayeteremka ngazi: anakaa pale pale miezi, halafu siku moja anashuka ngazi moja. Na kwa wazee wengi magonjwa haya mawili, lile la mishipa na lile la Alzheimer, yanakaa pamoja katika kichwa kimoja na kusaidiana kuharibu.

Rais

Mwaka 1910 Wilson alichaguliwa gavana wa New Jersey, na tarehe 4 Machi 1913 akaingia Ikulu ya Washington. Inasemekana daktari mmoja mkubwa wa neva wa wakati ule, Silas Weir Mitchell, alitabiri kwamba hatamaliza muhula wa kwanza. Alimaliza. Daktari wake wa kila siku, Cary Grayson, alimlazimisha kucheza gofu, kulala mapema, kula vizuri. Ellen alikufa kwa ugonjwa wa figo mwezi wa Agosti 1914, siku zile zile vita ilianza Ulaya. Mwisho wa mwaka 1915 Wilson akamwoa mjane, Edith Bolling Galt. Tulishike jina hili.

Hatuwezi kumsifu Wilson kwa kila kitu, hasa sisi Waafrika. Chini ya serikali yake wafanyakazi weusi walitengwa na weupe katika ofisi za serikali ambamo walikuwa wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1915 askari wake walikalia Haiti. Na ku Paris, Aprili 1919, Japani ilipoomba usawa wa mataifa uandikwe katika sheria ya SDN, wengi walikubali, lakini Wilson aliyekuwa mwenyekiti alisema haikupita kwa sababu si wote. Hayo hayakuletwa na mishipa ya damu. Ndivyo alivyokuwa.

Vita yenyewe ilitugusa sisi pia. Askari wa Force Publique kutoka Kongo, na maelfu ya wapagazi nyuma yao, waliingia Tabora Septemba 1916. Baada ya vita, mpango wa SDN ambao Wilson aliupigania ndio uliotoa jina jipya, mandat, ambalo Ubelgiji ilitumia kukaa Ruanda-Urundi. Kwa hiyo afya ya mtu huyu haikuwa habari ya mbali sana na mipaka yetu.

Wilson alifika Ulaya Desemba 1918, akakaa karibu miezi sita, isipokuwa majuma machache alipovuka bahari kurudi Washington. Alikuwa na miaka 62. Tarehe 3 Aprili 1919 alianguka na homa kali na kikohozi, mafua mabaya ya mwaka ule, kama wengi wanavyofikiri leo. Alipoamka kitandani, wale waliomhudumia waliona mtu mwingine. Alianza kusema wafanyakazi wa Kifaransa wa nyumba ile ni wapelelezi. Akashughulika sana na viti na meza, vimekaa vibaya, nani amevisogeza. Kama ilikuwa ni homa tu ama kiharusi kingine kidogo, madaktari bado wanabishana. Mwenye kulea muzee wa tansiyo atatambua picha hii bila kusoma kitabu.

Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Ilibaki Seneti ya Marekani iukubali. Maseneta wengi, wakiongozwa na Henry Cabot Lodge, walitaka masharti yaongezwe. Wilson akaamua kwenda kuwaambia raia mwenyewe. Grayson hakutaka safari ile. Tarehe 3 Septemba rais alipanda treni, na kwa siku 22 alisafiri karibu kilometa 13.000, akatoa hotuba karibu 40. Hakuna maikrofoni nzuri, ni joto, kichwa kinamuuma mpaka anaona mara mbili. Tarehe 25 Septemba alihutubia Pueblo, jimbo la Colorado, maneno yakimkwama. Usiku ule akashindwa kabisa. Treni ikageuzwa kurudi Washington.

Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1919 Edith alikuta mkono wa kushoto wa mume wake hauna nguvu. Alipotoka kumwita Grayson kwa simu akasikia kishindo: rais ameanguka chini, bafuni. Mshipa wa upande wa kuume wa ubongo ulikuwa umeziba, upande wote wa kushoto wa mwili umekufa ganzi.

Nyumba inayoficha

Kile kilichofuata ndicho kinatusumbua zaidi. Raia waliambiwa rais amechoka neva. Mawaziri hawakuambiwa ukweli wote. Makamu wa rais, Thomas Marshall, hakuruhusiwa kumwona. Tarehe 6 Oktoba waziri wa mambo ya nje, Robert Lansing, aliwakusanya mawaziri na kuuliza kama makamu asishike kazi. Grayson alijibu kwamba hatatia sahihi karatasi yoyote ya kusema rais hawezi.

Kila faili lilipita mikononi mwa Edith. Yeye ndiye alichagua lipi lifike kitandani, lipi lingoje. Waziri anaandika barua, inarudi na maneno ya Edith pembeni ya karatasi, kwamba rais amesema hivi. Barua nyingine hazikurudi. Edith mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuamua jambo la serikali, alichagua tu saa ya kumpa mume wake habari. Lakini mwenye kushika mlango ndiye mwenye nyumba, hata akikataa.

Tarehe 5 Desemba maseneta wawili walikuja kuangalia kwa macho yao. Chumba kilikuwa na mwanga kidogo, blanketi limefunika mkono wa kushoto, wageni wakawekwa upande wa kuume. Wilson aliongea vizuri, akatania hata. Wakatoka wakisema akili yake ni nzima.

Na walikuwa hawasemi uongo! Hapo ndipo ugonjwa huu unadanganya. Kiharusi cha upande wa kuume wa ubongo kwa watu wengi hakigusi ulimi. Mgonjwa anaongea, anakumbuka, anapiga hesabu. Kinachokwenda ni kujiona yeye mwenyewe. Kuna wagonjwa waliopooza mkono ambao wanasema mkono hauna shida, wamechoka tu. Hawasemi uongo, ubongo wao haupokei tena habari ile. Wilson alijihesabu kuwa kiwete kidogo, basi. Vitu vya upande wake wa kushoto alikuwa kama havipo.

Alipoanza kutembezwa na gari, gari lake likienda pole pole, kila gari lililowapita alisema linakimbia kupita sheria. Akaamuru walinzi walifuate, walikamate dereva. Walinzi walikuwa wanajifanya wanakimbiza, wanarudi kusema limewashinda. Mtu huyu alikuwa profesa wa sheria na serikali, na bado ni rais.

Seneti ikapiga kura ya kwanza Novemba 1919, mkataba ukakataliwa. Marafiki wakamwomba akubali masharti machache ili uokoke. Hata Edith, kwa maneno yake ya baadaye, alimwomba. Alikataa, akawaambia maseneta wa chama chake wakatae mkataba wenye masharti. Februari 1920 akamfukuza Lansing kwa kosa la kuita mikutano ya mawaziri bila ruhusa. Tarehe 19 Machi 1920 kura ya mwisho ilikuwa 49 kwa 35. Zilikosekana kura 7 kufika theluthi mbili. Marekani haikuingia SDN, ushirika ambao rais wake mwenyewe ndiye aliuomba duniani kote.

Tusiseme ni mishipa peke yake iliyofanya hivyo. Wilson alikuwa mkaidi tangu Princeton, na Lodge alikuwa na siasa zake. Lakini Wilson wa zamani alijua kugeuza njia wakati njia imefungwa. Yule wa 1920 hakuona hata kwamba imefungwa. Mwaka ule ule alitumaini chama kimchague kwa muhula wa tatu. Grayson, aliyekuwa amemficha kwa watu wote, ndiye sasa alikwenda kwa siri kuwaonya wakubwa wa chama wasithubutu.

Leo tuko wapi

Tofauti ya leo na wakati ule ni kwamba tansiyo inatibiwa, na kuitibu kunalinda akili. Uchunguzi mmoja wa Ulaya, Syst-Eur, uliotangaza matokeo yake mwaka 1998, uliwapa watu wa zaidi ya miaka 60 dawa za tansiyo. Waliopata dawa walikuwa na wagonjwa wapya wa kupotewa na akili nusu tu ya wale waliopata vidonge visivyo na dawa. Mwingine wa Marekani, SPRINT MIND, ulifuata watu zaidi ya 9.000 na kutoa habari mwaka 2019: wale ambao tansiyo yao iliteremshwa chini ya 120 walipungukiwa na hatari ya akili kuanza kufifia kwa 19 kwa mia. Dawa hazirudishi kipande cha ubongo kilichokufa. Zinazuia kingine kisife, na ndiyo maana miaka ya 40 na 50 ni muhimu kuliko miaka ya 70.

Kipimo ambacho nesi anaangalia ni 140 kwa 90. Ikirudi kupita hapo siku mbalimbali, hiyo ni tansiyo, hata kama mtu hasikii kitu. Wengi hawasikii kitu. Kituo cha afya kinachofanya kazi huwa na mashine ya kupimia. Shida yetu kubwa inakuja baadaye: mtu anapewa vidonge, anameza mwezi mmoja, anasikia vizuri, anaacha. Ama vita inamkimbiza, anafika kambini bila dawa, na hakuna anayemuuliza. Dawa ya tansiyo si kama ya malaria ambayo unamaliza. Kama umekimbia, sema ku poste ya afya ya kambi kwamba ulikuwa unameza dawa, na kama unayo paketi tupu, beba ile paketi.

Chumvi nayo tunakula bila kuhesabu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja, na hapo imehesabiwa ile ya makayabo na ile ya kube ambazo tunatupa mbili tatu katika sombe. Sukari ya damu, sigara, kanyanga, kukaa bila kutembea, vyote vinapiga mishipa ile ile.

Na mdomo wa mtu ukienda upande mmoja ghafla, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, hiyo ni hospitali saa ile ile, hata kama baada ya nusu saa inaonekana imeisha. Ile inayoisha yenyewe ndiyo alama. Wilson alipata kama hizo.

Miaka ya mwisho

Wilson alitoka Ikulu tarehe 4 Machi 1921, akahamia nyumba ya S Street, pale pale Washington. Alifungua ofisi ya sheria na waziri wake wa mwisho, Bainbridge Colby. Haikufika mbali, ikafungwa bila kazi ya maana. Mtu aliyekuwa anaandika vitabu vya kurasa mamia alitumia miezi kuandika makala moja fupi, ikatoka mwaka 1923. Alikuwa na uwezo wa kukaza akili dakika chache, halafu anachoka. Alilia upesi. Jicho lake zuri nalo likaanza kufifia.

Tarehe 10 Novemba 1923, siku moja kabla ya kumbukumbu ya mwisho wa vita, walileta mitambo ya redio nyumbani kwake. Redio ilikuwa kitu kipya kabisa. Alisimama akijishika na fimbo, akasoma maneno machache yaliyosikika katika miji mingi. Alikuwa ameyaandaa kwa siku nyingi na hakuweza kuyakumbuka, Edith alikuwa nyuma akimnong'oneza. Watu waliosikia walisikia pia sauti ya chini ya mwanamke.

Alikufa tarehe 3 Februari 1924, na miaka 67. Alizikwa katika kanisa kuu la Washington. Mwaka 1967 Wamarekani waliongeza katika katiba yao kifungu cha 25, kinachosema nani anashika kazi kama rais hawezi, na nani ana haki ya kusema hawezi. Edith hakukiona. Alikufa tarehe 28 Desemba 1961, siku ya kuzaliwa ya mume wake. Karatasi za Grayson zilibaki kwa watoto wake, zikachapwa mwanzo wa miaka ya 1990. Ndani yake kulikuwa na maandishi ya madaktari ya Oktoba 1919, yanayosema bila kuzunguka kwamba rais amepooza upande wa kushoto.